Babu alikuwa askari wa Keya kwa miaka minne na seremala kwa miaka sitini: tuandike lipi kwanza?

Mjukuu wa Seremala, Vihiga

Salamu kwenu nyote. Mwaka jana tulimzika babu yetu, guga kama tulivyomwita kwa Kimaragoli, akiwa amepita miaka 100 kwa hesabu ya kitambulisho chake, kinachosema kwamba alizaliwa mwaka 1922. Desemba hii jamaa wote watakutana nyumbani kwa ibada ya kumbukumbu na kuweka jiwe la kaburi, nami nimekabidhiwa kazi ya kuandika kijitabu cha maisha yake. Kazi hiyo imenielemea, wala si kwa uhaba wa habari, bali kwa kuwa ukoo haujakubaliana tumkumbuke kwa lipi.

Baba zangu wadogo wanataka jalada lisomeke "Shujaa wa Burma", chini yake iwekwe picha ya nishani, na useremala utajwe mwishoni pamoja na idadi ya wajukuu na vitukuu. Ninawaheshimu, na ninaelewa kwamba wao walikua wakijivunia baba aliyevuka bahari. Lakini mimi nililelewa katika karakana yake, nikishika ncha ya pili ya ubao tangu nilipokuwa darasa la pili, na guga ninayemjua ni yule ambaye kila alipomaliza kupiga randa alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya ubao polepole kutoka ncha hadi ncha. Kidole kikisita mahali ambapo mimi sikuona wala kuhisi kitu, aliirudisha randa pale pale, akatoa utepe mmoja wa maranda, mwembamba kama ganda la kitunguu, kisha akapitisha kidole tena.

Kuhusu Vita vya Pili vya Dunia alisema machache mno. Tunachojua ni kwamba alijifunza useremala akiwa kijana katika misheni ya Marafiki (Wakwekeri) pale Kaimosi, akaingia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles (KAR), mwaka 1942, akapanda treni Kisumu, akasafiri kwa meli hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo) na hatimaye akafika Burma (Myanmar ya leo), ambayo yeye aliiita Bama. Alisimulia habari za mvua na za magari yaliyozama matopeni hadi milangoni. Siku moja ndugu yangu alipomuuliza kama aliwahi kuua mtu, aliomba aletewe maji ya kunywa, akayanywa yote, na mazungumzo yakaishia hapo. Alirudi mwaka 1946, akatumia malipo yake ya kuachiliwa kununua randa, misumeno miwili na patasi kadhaa, na tangu hapo hakuajiriwa na mtu hadi macho yalipomshinda, akiwa na miaka 84 hivi.

Sanduku lake la mbao, alilolitengeneza mwenyewe, limebaki kwangu. Ndani yake mna nyota ya shaba yenye ncha sita na utepe uliofifia, kipande cha kitambaa chenye kichwa cha kifaru, na madaftari matano ya kazi alizoagizwa na wateja. Cheti cha kuachiliwa jeshini kililiwa na mchwa zamani. Ningependa kujua kama inawezekana kuthibitisha mahali alipopigana pasipo cheti hicho, na nawaomba ushauri wa namna ya kuandika maisha ya mtu aliyekataa kusimulia sehemu ambayo kila mtu anaitaka. Vifaa vyake vya kazi navyo vinanitia wasiwasi, kwa sababu wapo wanaotaka vigawanywe kila mwana achukue kimoja. Tena nilifikiri niyanakili madaftari huku nikisahihisha lugha yake, kwa kuwa ameandika "kiti moja" na "milango mbili" kila ukurasa. Sijui kama ni haki kufanya hivyo.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Pole kwa kuondokewa na mzee, na nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kuchapisha. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na nimeona vijitabu vingi vya mazishi ambavyo maisha ya miaka 80 yamemalizwa kwa nusu ukurasa.

Nianze na kile kitambaa, kwa sababu kinasema mengi kuliko unavyodhani. Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 ikiwa na askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na iliyofanya mazoezi yake Ceylon kabla ya kupelekwa Burma mwaka 1944. Kwa hiyo maneno ya babu yako na kitambaa chake vinaafikiana. Divisheni hiyo ndiyo iliyowafuata Wajapani walipokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, mji wa India, ikashuka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za huko, bonde lililoogopwa kwa malaria kuliko kwa risasi. Barabara zilikuwa tope tupu, na mahali pengi zilitandikwa magogo ili magari yapite. Mwanzoni mwa Desemba 1944 walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambapo wahandisi waliunga daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa, lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Ukiandika kwamba mzee alipita katika bonde la Kabaw na kufika Chindwin, utakuwa umeandika njia ya divisheni yake. Ila usimtungie mapigano ambayo hakuyataja.

Nyota nayo itakuthibitishia zaidi. Nyota zote za kampeni za vita vile zina ncha sita, kwa hiyo tazama katikati, kwenye duara linalozunguka herufi za mfalme, utakuta jina la kampeni. Utepe wa Burma ni wa buluu iliyokolea, una mstari mpana mwekundu katikati, na ile buluu ya kila upande imepasuliwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Usihangaike kutafuta jina lake ukingoni. Nishani walizopewa watu wa Vita vya Kwanza ziliandikwa namba na jina la askari, lakini nyota hizi za Vita vya Pili zilitolewa na Uingereza bila jina, na nimewahi kuona familia ikilia kwa kudhani kwamba imepewa nishani ya mtu mwingine.

Kuhusu nyaraka, Hifadhi ya Taifa ina makao makuu Nairobi pamoja na vituo katika miji ya huku kwetu, kikiwamo cha Kakamega. Ukifika, usiulize habari za Vihiga, maana Vihiga ilianza kuwa wilaya mwaka 1990. Katika miaka ya babu yako eneo lote hili liliitwa North Kavirondo, na baada ya vita likaitwa North Nyanza. Taarifa za mwaka za wilaya zinaeleza uandikishaji wa askari na jinsi waliorudi walivyopokelewa, hata kama jina la mtu mmoja mmoja halimo. Mwaka wa kuzaliwa pia unaweza kupimwa: waulize wazee kama aliwahi kusema alikuwa wapi Wazungu walipoanza kumiminika Kakamega kutafuta dhahabu, mwaka 1931 na 1932. Kama alikuwa mchunga ng'ombe, basi 1922 si mbali na ukweli.

Jambo la Kaimosi usilipite haraka. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1902 na Marafiki kutoka Marekani, na tangu mwanzo waliweka ufundi pamoja na Injili: kupasua mbao, kufyatua matofali, useremala. Lakini Marafiki ni watu ambao tangu karne ya 17 wamekataa kubeba silaha. Kijana aliyefundishwa kushika patasi na watu wasiokubali vita, kisha akavaa sare ya Keya, alibeba mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi, na huenda ukimya wake ulianzia hapo. Mimi sidai kujua. Nasema tu kwamba swali hilo lina uzito kuliko nishani.

Na tafadhali usisahihishe "kiti moja". Hicho ndicho Kiswahili cha Keya, kilichoitwa KiKAR, lugha iliyounganisha Mluhya, Mjaluo, Mkamba, Myao na Mnyasa katika handaki moja. Wengi walijifunza kusoma na kuandika humo humo jeshini. Ukisahihisha, utakuwa umefuta ushahidi wa mahali alipokuwa, ushahidi ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi wa Chavakali

Mimi ni seremala kwa miaka 22 sasa, na aliyenifundisha alifundishwa na mzee mmoja wa kizazi cha babu yako, basi niruhusu niseme kwa uchungu kidogo. Mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka sitini hawezi kuwekwa kwenye mstari wa mwisho.

Vifaa visigawanywe. Randa moja juu ya kabati la sebuleni Nairobi ni chuma tu. Lakini randa, msumeno, patasi, keekee na tezo vikikaa pamoja, fundi yeyote anaweza kukueleza mwenyewe alifanya kazi gani na kwa mkono upi. Tazama mpini wa patasi aliyoitumia sana, utaona upande mmoja umelika kwa dole gumba. Tazama pia wembe wa randa umebaki na urefu gani, maana kila alipounoa ulipungua, na hiyo ndiyo hesabu ya miaka yake. Kama randa ni ya chuma na ina mabaki ya rangi ya samawati, yaelekea ni Record ya Sheffield, na hizo hadi leo tunazitafuta. Usizisugue zing'ae na wala usizipake vanishi. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka mafuta mepesi ya mashine kwenye chuma, usitumie ya kupikia kwa kuwa yanaganda na kunata, kisha uziweke juu, mbali na sakafu, kwa ajili ya yule mchwa aliyekwisha kula cheti.

Lakini hazina kubwa ni madaftari. Yasome yote kutoka ukurasa wa kwanza, usichague. Utaona mti ukibadilika kadiri kurasa zinavyokwenda. Mwanzoni utakuta mvule kwenye milango, kwa sababu mchwa hauwezi, na mukumari kwenye viti na vigoda, kwa sababu ni mwepesi na haukatai patasi. Baadaye sipresi itatawala, na baada ya mwaka 1999, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu yake, utaona mgrivea na mkaratusi wa mashambani mwa watu. Hiyo ni historia ya nchi yetu iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akiilipia kwa futi.

Ukishasoma, toka uende nyumba kwa nyumba kwa majina yaliyomo. Pindua kiti, chungulia chini ya meza, fungua droo uiangalie pembeni. Mafundi wa zamani hawakutumia misumari mingi: ulimi uliingia tunduni ukakaza, kisha ukatiwa kigingi. Wengi wao waliweka alama mahali ambapo mteja haangalii. Ukiipata alama ya babu yako, piga picha na upime. Picha ishirini za namna hiyo zitawatosha hao wanaotaka nishani jaladani.

Binti wa Kisumu

Nimesoma yote kwa makini, na ninamheshimu fundi, lakini naomba vita visifukuzwe kijitabuni kwa sababu tu mzee hakuvipenda.

Mjomba wa mama yangu aliondoka Nyanza akiwa askari wa mizinga na hakurudi. Kwa miaka mingi nyumbani waliambiwa tu kwamba "alipotelea majini". Mimi nilipokua ndipo nilipojua habari za meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa kwenda Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa kwa dakika chache, na miongoni mwao walikuwa mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yamechongwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Nilimpeleka mama huko. Aliligusa jina kwa vidole, herufi moja moja, akasema kwamba sasa amemwona mjomba wake, ingawa alikuwa amebeba picha yake maisha yake yote.

Babu yako alivuka bahari ile ile, na kama alivuka mwanzoni mwa mwaka 1944, alijua kwamba meli nyingine haikufika. Wanaobaki wana deni kwa wasiobaki. Tena kuna jambo la malipo. Askari hawa walilipwa kwa kipimo cha rangi, hata katika malipo ya kuachiliwa, na mwaka 1946 Mwafrika alirudi na sehemu ndogo tu ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kama chake. Unaposema kwamba guga alinunua randa na misumeno miwili kwa fedha zile, umeeleza pia zilikuwa ndogo kiasi gani. Liandike hilo waziwazi, watoto walisome.

Nina swali moja kwako, ndugu yangu. Unasema vita vilikuwa miaka minne na useremala sitini, kana kwamba kimoja kiliisha ndipo kingine kikaanza. Una hakika kwamba vita havikuingia naye karakanani? Waliorudi na majeraha walikuwa majirani zake. Nani alikuwa akiwatengenezea vitu?

Mjukuu wa Seremala, Vihiga

Nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya kwa wiki tatu. Nilikuwa nikifanya mliyoniagiza.

Nyota ni ya Burma. Mwalimu, maandishi yapo pale pale uliposema, na utepe, nilipoufungua upande uliokuwa umekunjwa, bado una ule mstari wa rangi ya chungwa. Shangazi yangu mkubwa amenihakikishia kwamba guga alikuwa mchunga ng'ombe wakati wa dhahabu, na kwamba alichapwa siku moja kwa kuwaacha ng'ombe akaenda kutazama Wazungu wakichuja mchanga mtoni. Vifaa havitagawanywa, baba zangu wadogo wamekubali vikae pamoja ndani ya sanduku lake.

Nilisoma madaftari yote matano, kisha nikazunguka nyumba 17 kwa muda wa siku sita. Katika nyumba tisa kazi yake bado ipo. Fundi, alama yake ni mikato miwili midogo ya patasi inayokutana kama mdomo wa ndege, chini ya kiti, upande wa mguu wa nyuma wa kushoto, kila mara hapo hapo. Niliupata mlango wa mvule ambao daftari linasema ni wa mwaka 1953, na unafungika hadi leo bila kukwaruza sakafu. Nikawakuta akina mama wawili waliolala juu ya vitanda vyake tangu siku ya harusi yao.

Dada wa Kisumu, swali lako lilinikosesha usingizi, nikayarudia madaftari kwa ajili yake peke yake. Katika daftari la kwanza, mwaka 1947, kuna mstari nilioupita mara ya kwanza kwa kudhani ni kazi kama nyingine: "Magongo mbili, inchi 52, ya rafiki ya Bama. Pesa hakuna." Mwaka 1952 mstari huo umerudi, na tena mwaka 1958, na kila baada ya miaka kadhaa hadi 1988, kwa maneno yale yale. Katika madaftari yote matano hakuna mtu mwingine aliyeandikiwa "pesa hakuna" zaidi ya mara moja.

Kwa kuulizauliza nilifika kwa familia ya mzee huyo, upande wa Hamisi. Alikatwa mguu katika hospitali ya jeshi, na alifariki mwaka 1991. Binti yake, ambaye sasa ni bibi wa watu, aliniambia kwamba guga alikuwa akija kwa baiskeli na magongo mapya yamefungwa nyuma, wanaketi na baba yake chini ya mti tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, na watoto waliopita karibu hawakuwasikia wakizungumza. Kabla ya kuondoka guga alimsimamisha rafiki yake, akampima kwa futi kutoka kwapani hadi chini, akaandika, akaaga.

Yale magongo ya mwisho bado yako nyuma ya mlango wa chumba chake. Ni ya mukumari, yamekuwa meusi mahali pa kushikia, na sehemu ya kwapani imezungushiwa kitambaa kizito cha kijani kibichi kilichoshonwa kwa mkono, ambacho binti huyo anasema kilikatwa kutoka koti la jeshi la babu yangu. Alama ya mdomo wa ndege imo, karibu kabisa na ardhi, upande wa ndani.

Niliwasomea baba zangu wadogo mistari hiyo ya daftari Jumapili iliyopita, na mmoja wao alitoka nje akakaa huko kwa muda. Tumekubaliana kwamba picha ya magongo ndiyo itakayokuwa jaladani, na familia ile imeturuhusu. Katika ukurasa wa kwanza nitanakili vipimo kama alivyoviandika, mwaka kwa mwaka, kwa Kiswahili chake cha Keya, maana rafiki yake alipokuwa akizeeka alizidi kuinama, na guga alikuwa akimfuata kwa msumeno: inchi 52, halafu 51 na nusu, halafu 51, hadi ule mstari wa mwaka 1988 unaosema 49.